Makapi Mawili Mapya

Msiniulize Jamhuri Tukufu ya Juujuu iko wapi. Ramani yake ilipelekwa kufanyiwa marekebisho mwaka ule mto mkubwa ulipokataa kupita kwenye shamba la Waziri, na hadi leo haijarudi. Nijuacho ni kwamba nchi ipo, ina watu, na watu hao wana furaha. Furaha yao hupimwa kila baada ya miezi mitatu na haijawahi kupungua. Jina lenyewe lilichaguliwa na wataalamu waliotaka nchi yao iwe juu, kisha wakaona juu moja haitoshi.

Mkuu wa nchi hiyo huitwa Mwinuaji Mkuu. Aliinua kilimo, akainua elimu, akainua hadhi ya kina mama, na mwaka wa tisa wa utawala wake Bunge likaona si adabu mtu mwingine yeyote kuinua kitu. Neno "kuinua" likawekwa chini ya ulinzi wa Ikulu. Raia waliachiwa kubeba, kusogeza na kupandisha, na wenye kibali waliweza kunyanyua. Katika kikao hichohicho "kushuka" na "kuanguka" yalifutwa moja kwa moja, kwa kuwa nchini Juujuu hakuna kinachokwenda chini. Mvua, kwa mfano, siku hizi huwasili. Bei za vitu hazikuhitaji marekebisho yoyote.

Katika nchi hiyo aliishi mtu aitwaye Kitunzi, fundi wa kupandisha nyasi kwenye Shamba la Taifa la Ng'ombe wa Heshima. Ng'ombe hao walikuwa mia nne, hawakamuliwi wala hawachinjwi. Kazi yao ilikuwa kufanana na yule aliye kwenye nembo ya taifa. Kiangazi cha Juujuu ni miezi saba, na ng'ombe wa heshima naye hula. Kwa hiyo nyasi zilikatwa, zikakaushwa, zikafungwa marobota, na marobota yakahifadhiwa kwenye ghorofa ya juu ya ghala, mbali na mchwa na maji ya mafuriko.

Mashine ya kuyapandisha ilifungwa na wageni kutoka nchi ya baridi. Boriti ya chuma imechomoza chini ya paa, na kwenye ncha yake yananing'inia makapi mawili, yaani vile vigurudumu vyenye mfereji ambamo kamba ya waya hupita. Upande mmoja wa kamba unafika uwanjani kwenye ndoano, upande wa pili umezungushwa kwenye winchi ya mkono. Mtu akizungusha mkono wa winchi, robota linapaa, linavutwa ndani kwa dirisha, basi. Lugha yetu, kwa ubahili wake, neno hilohilo "makapi" imeyapa pia maganda ya mpunga yanayopeperuka mtu akipepeta. Anayeshinda kwenye mashine hachanganyi. Anayeshinda ofisini ndiye huchanganya.

Kabla ya kuondoka, wale wageni waliandika ukutani kwa rangi nyekundu: MWISHO KILO 300. Mwaka wa Kuongeza Tija, Waziri wa Malisho na Matumaini alifika na kopo la rangi akaongeza sifuri moja. Uwezo wa mashine ukawa mara kumi kwa siku moja, na magazeti yakaandika.

Kitunzi alikuwa mtu wa winchi. Mkewe, Zawena, ndiye mfungaji: yeye hupitisha mkanda chini ya robota, hulitia kwenye ndoano, kisha hushika kamba nyembamba ya kuongozea ili mzigo usiyumbe. Walikutana hapohapo penye vumbi la nyasi, wakaoana hapohapo, na miaka kumi na minne walikuwa na sheria moja tu ya kazi. Mtu wa winchi akiona au akisikia jambo lisilo la kawaida, hupiga kelele neno moja: "Kapi!" Aliye chini ya mzigo hatakiwi kuuliza wala kutazama juu. Anaruka.

*

Asubuhi moja Kitunzi alipanda ngazi kupaka makapi grisi, akaona ufa. Ulianzia katikati ya kapi la kwanza, kwenye tundu la ekseli, ukatambaa hadi ukingoni. Kapi la pili mfereji wake ulikuwa umelika hata kamba inachezea pembeni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwingine angepaka grisi yake akarudi zake. Kitunzi alikaa kwenye ngazi, akamtazama Zawena kule uwanjani akisokota mkanda huku akiimba kwa sauti yake mbaya aliyoipenda.

Siku hiyo hakupandisha kitu. Aliandika barua.

"Kwa Mheshimiwa Waziri wa Malisho na Matumaini. Naomba makapi mawili mapya. Haya tuliyo nayo yamechakaa na yanaweza kuua mtu. Ni mimi mtiifu wako, Kitunzi, Shamba la Taifa."

Barua fupi, safi, isiyo na kosa la tahajia. Serikali ya Juujuu ni sikivu, na baada ya wiki sita majibu yalifika kwa pikipiki ya ving'ora. Meneja wa shamba, Bwana Lukwele, mtu aliyekuwa na tai tatu na maoni ya watu wengine, alimwita Kitunzi ofisini na kumkabidhi bahasha yenye mihuri saba. Ndani yake, kwenye kadi nyeupe, yalikuwa yamebandikwa kwa gundi makapi mawili ya mpunga. Yalikuwa mapya kabisa.

"Tia sahihi hapa," alisema Bwana Lukwele. "'Nimepokea makapi mawili, mapya, yasiyoweza kuua mtu.'"

"Bwana mkubwa, hizi ni pumba."

"Uliomba nini?"

"Makapi."

"Na hayo ni nini?"

Kitunzi aliyatazama. "Makapi," alisema.

"Sasa unalia nini, ndugu yangu? Watu wanaomba madaraja tangu babu zao, hawajapata hata msumari. Wewe umeomba viwili, umepewa viwili. Tia sahihi."

Kitunzi akatia sahihi.

Jioni Zawena aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. Mama yake, Bi. Mashavu, aliyekuwa akiishi nao, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kila neno lake lilikuwa na uzito wake. "Nenda mwenyewe, baba," alimwambia mkwewe. "Karatasi haina mdomo. Wakikuona uso watakuelewa."

*

Wizara ya Malisho na Matumaini imo kwenye jengo lisilo na ghorofa ya chini. Ya kwanza inaitwa Juu, ya pili Juu Zaidi, na kuendelea. Kitunzi alikaa siku mbili kwenye benchi la Juu kabla ya kuitwa na Dokta Sanura, Mkurugenzi wa Ufafanuzi wa Maombi. Alikuwa mama mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea, na siku ile alivaa wa pili.

"Faili lako ninalo," alisema. "Makapi mawili uliyapokea. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Lakini mimi sikuomba makapi ya kupepeta. Nataka makapi ya mashine."

"Mashine inakula makapi?"

"Haili, mama. Kapi ni hivi." Akaomba kalamu, akachora kigurudumu, na chini yake kamba inayoning'inia na ndoano.

Dokta Sanura aliitazama ile picha, akasimama, akafunga dirisha. "Umechora kitanzi," alisema kwa sauti ndogo, "kwenye karatasi ya serikali."

"Si kitanzi! Ndicho cha kuinulia mizi..."

Neno lilikuwa limeshatoka. Mdomo uliponza kichwa; makarani wawili waliokuwa wakipiga chapa mezani waliacha, na mmoja akajiziba masikio ili asije akaitwa shahidi. Dokta Sanura alishika kifua chake.

"Nimekusikia kwa bahati mbaya," alisema, "na kwa kuwa wewe ni mtu wa shamba nitasema nilikuwa nakohoa. Sema upya. Taratibu."

Kitunzi akasema taratibu. Kuna kigurudumu. Kina ufa. Kinabeba mzigo mzito kwa kuupeleka upande ule usio chini. Siku kikipasuka mzigo utarudi ulikotoka, na pale ulikotoka huwa amesimama mke wangu.

Dokta Sanura alikuwa na moyo, hilo lazima nimtendee haki kulisema. Alivua miwani na kwa nukta moja akamwona mtu aliye mbele yake. Kisha akaivaa tena, uso ukang'aa.

"Ndugu Kitunzi, nitakupa habari ambayo bado ni siri. Mwezi ujao Mwinuaji Mkuu atafika kwenye shamba lenu kwa miguu yake mwenyewe, kuinua Robota la Taifa. Mwenyewe! Sasa niambie, ukiwa na Mwinuaji, kapi la nini?"

*

Robota la Taifa lilitengenezwa kwa uzalendo. Kila wilaya ilileta nyasi zake, na wilaya zisizo na nyasi zilileta paa za nyumba. Zote zikafungwa robota moja kubwa kupita trekta, likavikwa bendera, na mizani ya shamba ilipolipima ikasema kilo elfu mbili na mia nane, kisha ikavunjika.

Kitunzi alimfuata Bwana Lukwele nyuma ya zizi, mahali ambapo watu huzungumza. "Bwana mkubwa, mashine hii hata ikiwa mpya haiwezi. Na sasa ina ufa. Nakuomba kwa jina la watoto wako, ahirisha."

Bwana Lukwele alimwelekeza kidole ukutani. "Soma pale."

"Nasoma. Lakini ile sifuri ya mwisho tuliiona wote ikipakwa."

"Ukuta unasema elfu tatu. Wewe ni nani wa kubishana na ukuta?" Kisha sauti yake ikalegea, akawa mtu kidogo. "Kitunzi, mimi nina hofu kuliko wewe. Nikiahirisha, naondoka mimi. Nisipoahirisha, pengine Mungu atasaidia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Anayesikia je?"

Bwana Lukwele alirekebisha tai yake akaenda zake.

Zawena aliteuliwa kuwa Mama Mfungaji wa Taifa. Alipewa jozi ya khanga mpya yenye uso wa Mwinuaji Mkuu mgongoni na kifuani, na afisa itifaki alichora duara la chokaa uwanjani, chini ya boriti kabisa, ambamo atasimama na kamba ya kuongozea mkononi. Kamba yenyewe, ambayo kwa kazi ya kila siku ilikuwa na urefu wa hatua kumi na tano, ilikatwa ikawa hatua mbili, kwani kamera ilitaka bendera na khanga zionekane kwenye picha moja.

"Jifanye mgonjwa," Kitunzi alimwambia wakiwa wanakula. "Nitasema umeharibikiwa na tumbo."

"Mfungaji wa shamba la jirani alijifanya mgonjwa mwaka juzi. Wakampeleka hospitali. Umemwona tangu hapo?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, Zawena."

"Hii unayoniambia siyo nusu, baba." Akachovya tonge lake kwenye mchuzi, akamtazama, na safari hii hakuwa na mzaha. "Miaka kumi na minne umekuwa ukipiga kelele nami naruka. Kuna siku nimechelewa?"

"Hakuna."

"Basi wewe piga kelele. Mengine niachie mimi."

Bi. Mashavu alisukuma sahani yake pembeni bila kuimaliza. Kitunzi alikula chakula chote na hakujua ladha yake.

*

Siku ikafika, kwani nchini Juujuu siku hazichelewi, wanaochelewa ni wakubwa. Watu walipangwa uwanjani tangu alfajiri kwa urefu, wafupi mbele. Ng'ombe mia nne walioshwa kwa sabuni ya unga. Jukwaani palikuwa na kitufe cha dhahabu, na kitufe kile kilikuwa kimeunganishwa kwa waya na kengele ndogo iliyofungwa nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia ilikuwepo winchi, Kitunzi na wanaume wengine watatu wa nguvu, pamoja na mlinzi mwenye bastola wa kuhakikisha kwamba hawapo.

Waziri wa Malisho na Matumaini alizungumza saa moja na nusu kuhusu ufupi wa muda. Kisha Mwinuaji Mkuu akasimama, mtu mdogo mwenye suti kubwa, akabonyeza kitufe, na kengele ikalia.

"Zungusha," alisema mlinzi.

Kitunzi alizungusha kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo ambalo baadaye halikumwacha alale. Alizungusha polepole kuliko alivyowahi, akiwaongoza wenzake kwa kichwa, na macho yake hayakuondoka juu ya pazia, kwenye ncha ya boriti. Robota la Taifa likang'oka ardhini. Uwanja ukapiga vigelegele. Likafika usawa wa magoti, likafika usawa wa kichwa, likapita. Kupitia tundu la pazia alimwona Zawena ndani ya duara la chokaa, kamba fupi mkononi, amekaza miguu kama mtu aliye tayari kukimbia. Hakutazama juu. Alikuwa ametega sikio.

Jukwaani, Mwinuaji Mkuu alikuwa amefikia ile sehemu ya hotuba ambayo watoto wote wa Juujuu huijua kwa moyo. "Walisema haiwezekani," alinguruma. "Walisema nyasi ni nzito! Nani ameinua nyasi hizi? Mimi! Na mimi ni nani? Niambieni, mimi ni nani?"

Hapo huwa kuna kimya kidogo, kilichowekwa kwa amri ili watu wavute pumzi na kujibu kwa pamoja, "Mwinuaji!"

Na katika kimya kile Kitunzi akasikia chuma kikilia.

"KAPI!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Maelfu ya watu walisikia. Mkuu wa nchi ameuliza yeye ni nani, na sauti kutoka nyuma ya pazia imemjibu kwamba ni ganda, ni pumba, ni kile kinachopeperushwa. Uwanja ukaganda. Hakuna aliyecheka, nasema hivyo kwa mujibu wa taarifa rasmi. Mlinzi alimrukia Kitunzi akamziba mdomo kwa kiganja.

Lakini Zawena alikuwa ameshasikia. Hakuuliza wala hakutazama juu. Aliruka, kama alivyoahidi, akatoka nje ya duara hatua tatu nzima, na angekuwa hai mpaka leo. Bahati mbaya upande alioruka ulikuwa upande wa jukwaa. Walinzi wawili waliona mwanamke anamkimbilia Mwinuaji Mkuu, na kwa utaratibu waliofundishwa wakamdaka hewani, wakamrudisha mahali pake palipochorwa.

Kapi likapasuka.

Kishindo kile kilifanya ng'ombe wote mia nne wavunje kamba zao. Walinzi wawili waliruka nyuma kwa wakati. Walikuwa na mazoezi. Mwinuaji Mkuu alisubiri vumbi litulie, akageuza karatasi, akasoma ukurasa uliofuata, kwani ratiba ilikuwa bado na dakika kumi na moja za hotuba na wimbo wa taifa wenye beti nane. Watu waliimba wakiwa wamekaza macho mbele. Baada ya ubeti wa nane ndipo watu waliruhusiwa kuliondoa robota, na Kitunzi, akiwa amefungwa pingu nyuma ya pazia, aliwasikia wenzake wakihesabu, moja, mbili, tatu, wakisukuma.

Redio ilisema kwamba Robota la Taifa lilipanda kwa mafanikio makubwa, likapanda hadi likarejea.

*

Hawakumshtaki kwa kifo cha Zawena, maana hakukuwa na kifo kilichoandikishwa. Walimshtaki kwa kujibu swali la Mkuu wa Nchi bila kuteuliwa, na kulijibu vibaya. Hakimu alikuwa mpole. Alisema kwamba mahakama imezingatia msiba wa mshtakiwa, ambao haukutokea, na ikampa miezi minne.

Wakati yuko ndani, Bunge lilikaa kwa dharura. Lilichunguza chanzo cha aibu ile na kugundua kwamba chanzo kilikuwa neno. Wabunge wote walikubaliana: neno lisingekuwepo, lisingesemwa; lisingesemwa, uwanja usingefadhaika; uwanja usingefadhaika, hafla ingekwenda vizuri. Hivyo neno "kapi" likafutwa katika maana zake zote, umoja na wingi. Kamusi zilikusanywa shuleni, na walimu wakakata ukurasa husika kwa mkasi, wakipoteza pia "kapera" na "kapu" waliokuwa majirani. Wahubiri walipofika kwenye siku ile ya hukumu walisema ngano itatenganishwa na ngano nyingine. Wanawake waliendelea kupepeta mpunga, ila kile kilichopeperuka hakikuwa na jina.

Wakati huohuo nchi ile ya baridi iliyoleta mashine iliandika barua ya heshima kuuliza kama mashine yao imeumiza mtu. Kumjibu mgeni ni ustaarabu. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kurejea kwa Robota, na kwa kuwa fomu ya Tume ilikuwa na kisanduku cha maelezo ya mfiwa, Kitunzi akatolewa gerezani wiki mbili kabla ya muda, akapewa shati.

Tume ilikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza, na pembeni alikaa karani aliyekuwa akiandika kila kitu. Kitunzi alikuwa amekonda. Miezi yote ile alikuwa amejiandaa kwa swali moja, akilipanga jibu usiku na mchana, kwani aliamini kwamba ukweli ukishaandikwa mahali, hata pabaya, angalau umeandikwa. Hili tu ndilo alilobaki kuweza kumfanyia Zawena.

"Pole sana, ndugu yetu," alisema Mwenyekiti. "Tume iko hapa kukusikiliza wewe. Tueleze bila hofu: siku ile, kilichomuua mkeo ni nini?"

"Ni kapi," Kitunzi alitaka kusema. Aliufungua mdomo, na Mwenyekiti akainua kidole, samahani, akakipandisha.

"Nakukumbusha kwa upendo tu," alisema, "kwamba lile neno halipo tena. Ukilitumia hapa nitalazimika kukurudisha ulikotoka, na maelezo yako yatachanwa. Tumia maneno mengine. Kiswahili chetu ni kipana."

Kitunzi akaanza. "Mzigo uli..." Akakumbuka kwamba mizigo haianguki. "Mashine ya ku..." Neno lile lilikuwa la Ikulu. "Walinzi walimru..." Mjumbe mmoja wa Tume aliyevaa sare akakohoa, na karani akasimamisha kalamu akimtazama kwa huruma. Kitunzi akaanza tena. Akatafuta gurudumu, akatafuta chuma, akatafuta ufa. Lakini kikao kile cha dharura kilikuwa kimeyapiga marufuku yote matatu pamoja na lile neno, kwa kuwa taifa halina nyufa. Alipapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Alikuwa na picha yote, kuanzia mlio wa chuma hadi ile hesabu ya moja, mbili, tatu; hakuwa na pa kuishikia. Jasho lilimtiririka ndani ya shati la serikali. Watu watano walimngoja, na saa ya ukutani ilikuwa ikitembea.

"Sina neno, mheshimiwa," alisema mwishowe, na machozi yakamtoka.

Kalamu ya karani ikaenda mbio. *Mfiwa hana neno.*

Mwenyekiti alisimama, akazunguka meza, akamshika Kitunzi mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwamba katika utumishi wake wote hajaona uungwana wa namna ile. Wajumbe wakapiga makofi, na aliyevaa sare ndiye aliyepiga zaidi.

Kutoka mjini hadi shambani ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na redio ina mbio kuliko miguu. Kitunzi alipofika uani kwake, taarifa ya habari ya saa saba mchana ilikuwa imekwisha kusomwa. Bi. Mashavu alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa mchele magotini, redio pembeni. Hakuwa amemwona mkwewe tangu siku ya hafla. Hakusimama.

"Kitunzi," alisema. Hakumwita baba. "Wamesema umeulizwa kuhusu mwanangu. Wamesema umewaambia huna neno."

"Mama, mimi nilitaka kusema..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema. Lakini maana yake siyo ile, mama. Sikuwa nalo. Walikuwa wameyachukua yote."

Bi. Mashavu aliilaza mikono yake juu ya mchele.

"Zawena angekuwa nalo," alisema.

Akabeba ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.